Shanga za Zamoyoni

Kwa maelezo ya Mama Tabia, ambaye ua wake wa mabua unagusana na ua wa Bibi Nambunga, ajabu ile hakuhadithiwa na mtu. Aliiona mwenyewe. Alikuwa amekwenda kuomba chumvi, akapiga hodi moja ya haraka kama ilivyo kawaida yake, na kabla hajaitikiwa akawa ameshaingia. Akamkuta Bibi Nambunga amekaa kwenye mkeka, kitenge kimeshuka begani, na kile kichanga cha marehemu binti yake kimeng'ang'ania titi. Hilo peke yake halikumshtua. Bibi yeyote humpa mjukuu titi kavu ili anyamaze. Lakini kichanga kilipoachia kuvuta pumzi, maziwa yaliruka.

"Yakaruka, Sijaona! Mpaka hapa!" Mama Tabia akajipiga kwenye kifundo cha mkono. "Maziwa ya mwanamke aliyekoma kuingia mwezini wakati mimi na wewe hatujaota meno."

"Mimi ndiyo sikuwa nimeota," alisema Sijaona, akiendelea kubangua korosho. "Wewe ulikuwa umeshazaa."

"Haya, nicheke. Ila nisikilize." Mama Tabia akainama juu ya ungo na kushusha sauti, ingawa uani palikuwa na kuku tu. "Ni marehemu yule. Zamoyoni hajaondoka. Anamwingia mama yake ili amnyonyeshe mwanawe, na pa kuingilia ni mguuni. Kama hunisadiki, kautazame mguu wake wa kushoto. Umevimba kama gogo."

Habari ya marehemu kuingilia mguuni Sijaona hakuisadiki, lakini ule mguu aliuweka moyoni. Ndivyo alivyokuwa. Watu wakisimulia, yeye aliyaacha yaliyopambwa yapite, akakishika kile kidogo ambacho msimuliaji asingekuwa na haja ya kukitunga. Maziwa Mama Tabia angeweza kuyatunga. Mzimu angeutunga akiwa usingizini. Mguu wa kushoto, hapana.

Akafuta mikono, akasimama. Chini ya kanga yake shanga zilikuwa na vuguvugu, kama zinavyokuwa zikifanya kazi.

Kijijini Namapinda hapakuwa na mwanamke wa umri wa kuzaa asiye na shanga. Enzi za bibi za bibi zao, mikorosho ya uwanda ule ilipulizwa dawa iliyoleta korosho kwa wingi usiopata kuonekana, na vumbi la dawa hiyo likashuka visimani na kwenye udongo, likakaa. Ndani ya miili ya watu, tezi zikaanza kukosea. Wasichana wakavunja ungo mapema mno, au wasivunje kabisa. Mimba zikawa hazishiki. Ndipo zilipokuja shanga. Kwa macho ni shanga za kiunoni zilezile za tangu na tangu, nazo zilitengenezwa hivyo makusudi ili wanawake wazikubali, lakini kila punje iliionja damu kupitia ngozi na kutia homoni iliyopungua. Mwari alifungwa zake akiwa bado unyagoni. Baada ya miezi kadhaa zilikuwa zimeujifunza mwili wake, na kuanzia hapo, kwa sheria ya Kituo cha afya kilichozigawa, hazikuruhusiwa kuhamia kiuno kingine.

Dawa ya kuamsha yai, iliyotiwa ndani ya shanga za mwenye zamu, ilikuwa haba, kwa hiyo watu walizaa kwa zamu. Zamu ya Sijaona ilikuwa msimu huu, mikorosho ikianza kutoa maua. Zamoyoni, aliyechezwa naye unyago mmoja, alikuwa amemtangulia. Alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake kutimia, akavuja damu, akafa.

*

"Hodi hapa, Somo."

"Karibu, mwari wangu. Mama Tabia ameshamaliza kutangaza?"

"Bado upande wa sokoni."

Bibi Nambunga akacheka. Sijaona akapiga goti, akatoa shikamoo yake, akaitikiwa marahaba. Huyu ndiye aliyekuwa kungwi wake, aliyemfundisha yote ambayo shule ya msingi haikugusa, naye Sijaona alimwita Somo mbele za watu na nyuma yao. Akakaa pembeni ya mkeka na kuangalia bila haraka. Uso wa bibi ulikuwa unang'aa. Mikunjo ya shingoni ilikuwa imelegea, kama nguo iliyonyunyiziwa maji kabla ya kupigwa pasi. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, tone jeupe kwenye kidevu. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooshwa juu ya kinu kilicholazwa.

Na kiunoni, kitenge kilipokaa vibaya, zilionekana shanga nyekundu zilizochanganyika na za kijani.

"Somo, hizo ni za Zamoyoni."

"Ulitaka nivae za nani?"

Kituo kiliambiwa zilikatika wakati wa kumwosha marehemu, punje zikaenda na maji. Hakuna mwanamume wa kubishana na wanawake waoshaji. Namapinda, mama akifiwa na binti, huvaa shanga za binti huyo mpaka tanga liishe. Desturi hiyo ilikuwepo kabla Kituo hakijajengwa. Walioziunda shanga hizi walifikiria maji, jasho na jua kali. Mama aliyefiwa hawakumfikiria.

"Nilizivaa kwa msiba tu," Bibi Nambunga alisema. "Mtoto analia, maziwa ya kopo anayatapika yote. Nikampa titi nimdanganye. Akavuta, akavuta, siku baada ya siku, mpaka kifua kikawa kizito. Nikadhani nimepata jipu." Akamtazama mtoto kama mtu anayetazama sufuria iliyokubali kuchemka. "Sasa magoti hayaniumi. Lile joto lililokuwa linanipanda usoni ghafla limekwisha. Na juzi, usimwambie mtu, nimeingia mwezini. Mimi! Nilicheka peke yangu msalani."

"Na mguu?"

"Nimeumwa na mdudu."

"Mdudu gani asiyeacha alama?"

"Wewe mtoto, nilikufundisha kuwatazama wakubwa, sikukufundisha kuwahoji."

Sijaona akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye shavu la mguu ule. Ulikuwa wa moto na mgumu, ngozi imevutika hadi inateleza. Bibi Nambunga akang'ata mdomo, asitoe sauti, ila mtoto mapajani mwake alishtuka.

*

Muuguzi wa Kituo aliitwa Lukanga, mtu wa taratibu, mwenye mazoea ya kufuta miwani kabla ya kusema jambo zito. Sijaona alimsubiri mpaka benchi likaisha watu.

"Daktari, nina swali la mtu mwingine."

"Hapa wote huwa na maswali ya watu wengine," alisema Lukanga. "Huyo mtu mwingine anasumbuliwa na nini?"

"Shanga za mtu aliyetoka kuzaa zikivaliwa na mtu aliyekwisha kukoma, itakuwaje?"

Lukanga akavua miwani. Hakuifuta. Akaishika tu.

"Usinitajie jina," alisema. "Ukinitajia nitalazimika kutoa taarifa, na nikitoa taarifa gari linakuja. Litachukua shanga, litachukua na mtoto, kama kuna mtoto. Atapelekwa Nyumba ya Malezi huko mjini."

"Wanarudi, wanaopelekwa?"

"Wanakua vizuri."

"Nimeuliza kama wanarudi."

"Mimi sijapokea aliyerudi."

Akasogeza kiti. Nje, mpiga mbiu wa kijiji alikuwa anapita na kipaza sauti chake, akiwaita wenye mikorosho ya bondeni kwenye kazi ya kufukia mitaro. Lukanga akaonyesha dirishani kwa kidole.

"Unamsikia yule? Kijiji kizima kinamsikia. Lakini watakaoinuka ni wenye mikorosho ya bondeni tu, wengine wataendelea kunywa chai. Homoni ndivyo ilivyo. Inatiwa kwenye damu, inapita kila mahali, kwenye ini, kwenye mfupa, kwenye jicho. Anayeitikia ni yule aliyeumbiwa mwito huo. Kichwani, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Hiyo inaziita ovari. Ovari zikisikia zinaivisha yai, na zenyewe zinatoa homoni zao, moja ya kuujenga mfuko wa uzazi, nyingine ya kuutuliza. Zile zikirudi kichwani, ile kunde inajua imeitikiwa, inanyamaza. Mwito, jibu, kimya. Mwezi hadi mwezi."

"Na kwa aliyekoma?"

"Ovari zimestaafu. Mwito unatoka, jibu halirudi. Mwili wenyewe unaelewa polepole, unazoea. Lakini shanga za kijana hazijui uzee. Mwanzoni zilikuwa kwenye kazi ya maziwa, kwa hiyo zimempa maziwa. Sasa zinatafuta ovari za mwenyewe, hazizipati. Kila zikikosa jibu, zinaongeza. Yeye anajiona amekuwa msichana, kumbe damu inazidi kuwa nzito. Inaganda. Mara nyingi inaanzia mguuni."

Sijaona hakuwa ametaja mguu.

"Halafu?"

"Halafu donge linachomoka, linapanda kifuani. Anaweza kuwa anacheka, akakatika katikati ya kicheko." Sasa aliifuta miwani. "Mwambie huyo mtu azivue."

"Akizivua maziwa yatakata?"

"Kwa umri huo, yatakata."

"Mtoto alizaliwa njiti. Kopo analitapika. Waliozaa karibuni wako ng'ambo ya bonde, na kila mmoja maziwa yake hayamtoshi wa kwake."

Lukanga alizungumza kama anayepima kila neno kwa kijiko.

"Akizivaa mwanamke kijana, zitakuta ovari hai. Zitaitikiwa, zitatulia. Mtoto akimvuta, habari inapanda hadi kwenye ile kunde, nayo inaachia homoni ya maziwa. Sidhani itachukua muda mrefu. Lakini hakuna aliyejaribu, nakuambia ninavyodhani tu. Na huyo kijana itabidi avue zake kwanza. Wapiga mbiu wawili hawawezi kuita kwenye uwanja mmoja."

"Zake atazivaa tena baadaye."

"Zitakuwa zimemsahau. Na ile dawa ya yai iliyomo ndani, ikikosa joto la mwili, inaharibika. Tena homoni inayoleta maziwa ndiyo hiyohiyo inayolaza mayai. Mwenye kunyonyesha tumbo lake linapumzika, liwe na zamu au lisiwe nayo." Akamtazama usoni. "Zamu inakwenda kwa anayefuata, Sijaona. Na wewe unarudi mwisho wa mstari."

"Mstari mrefu?"

"Mrefu kiasi cha wewe kuja kunichukia kwa kukueleza."

Akashukuru, akaondoka. Njiani hakulia, wala hakukimbia. Alitembea kama mtu anayebeba maji kichwani bila kata, akiwaza kila hatua pa kuiweka.

*

Hemedi, mumewe, alikuwa ndani ya shimo. Alikuwa anachimba tangi la kuvunia maji ya paa, na limeshamfika juu ya kichwa, kwa hiyo kilichoonekana kutoka uani ni koleo likipanda na kurusha udongo mwekundu. Sijaona akachuchumaa ukingoni, akamweleza yote, kuanzia maziwa mpaka mwisho wa mstari. Koleo likaacha kupanda.

"Nishushie maji ya kunywa," Hemedi alisema.

Akamshushia kwa kamba. Akanywa, akajimwagia kichwani.

"Kwa hiyo utakuwa mama wa mtoto wa mtu."

"Wa Zamoyoni."

"Na wetu je?"

"Wetu bado hajapata njaa."

Hemedi akainua uso. Tope lilikuwa limemchora mistari kwenye mashavu, na macho yalikuwa mekundu, kwa udongo au kwa jambo jingine.

"Mama yangu ameshanunua kanga ya kumbebea, unajua? Ameificha anadhani siioni. Kila nikienda ananiuliza dawa ya shanga inafunguliwa lini, kana kwamba mimi ndiye ninayezivaa." Akajaribu kucheka, kicheko kikaishia puani. "Wapo wanawake wengi hapa. Kwa nini wewe?"

"Wengi wao zamu zao zimepita, mayai hayatoshi kuitikia. Wengine wadogo mno. Nimewapitia wote kichwani tangu Kituoni mpaka hapa, Hemedi, nikitafuta wa kumsukumizia. Mwisho nimejikuta mwenyewe."

"Peleka taarifa basi. Gari lije, mtoto alelewe mjini, bibi apone, nasi tupate wetu. Nani atakulaumu?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Ndiyo maana siwezi." Akatafuta namna ya kulisema, akalikosa, akalisema hivyohivyo. "Nitampakata wetu, kila nikimwangalia nitamwona yule. Nitakuwa nimempata kwa kumtoa mwingine kwao. Hata asipojua, mimi nitajua."

"Na nikikataa?"

"Utakuwa umekataa. Nitakwenda nikijua umekataa, na itaniuma, na nitakwenda."

Kisha Hemedi akaokota koleo.

"Sijasema nimekubali," alisema.

"Nimesikia."

"Sitaki uje kuniambia nilikubali."

"Sitakuja kukuambia."

Udongo ukaanza tena kuruka, safari hii mbali zaidi kuliko ilivyohitajika. Sijaona akaingia ndani, akaoga, akavaa kanga safi. Alipotoka koleo lilikuwa bado linapanda na kushuka, naye hakuaga, kwa sababu kuaga kungekuwa kumwomba.

*

Jua lilikuwa la alasiri. Bibi Nambunga hakuwa kwenye mkeka. Alikuwa kizingitini, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, mwingine umembeba mtoto, na alikuwa anahema kama aliyepanda kilima.

"Nilitaka kwenda kuanua nguo," alisema. "Mguu umekataa."

Sijaona akampokea mtoto, akamwegemeza bibi begani, akamrudisha mkekani taratibu. Shavu la mguu lilikuwa limeanza kuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Kutoka upande wa pili wa ua kikasikika kikohozi cha Mama Tabia, cha mtu anayetaka ijulikane kwamba yupo lakini hasikilizi.

"Mama Tabia," Sijaona aliita bila kugeuka, "nenda kawaambie wa sokoni, wanakungoja."

Ikasikika sauti ya ndala zikienda zake kwa hasira.

Akamweleza Bibi Nambunga yale ya Kituoni, polepole, kwa maneno yaleyale ya Lukanga: mwito, jibu, kimya, damu inayoganda. Hakupunguza chochote. Alikuwa amefundishwa na mwanamke huyuhuyu kwamba mwili hausemwi kwa mafumbo mbele ya anayeumia. Bibi alisikiliza huku akimpangusa mtoto shingoni kwa ncha ya kitenge. Mtoto alikuwa ameamka, anageuzageuza kichwa akitafuta.

"Kwa hiyo nitakufa," alisema mwishowe.

"Ukiendelea kuzivaa."

"Nimeshazika wote niliozaa, mwari. Kufa si habari ya kunipiga nayo." Akampa mtoto titi, na mtoto akalikamata kwa pupa, miguu ikirusharusha. "Unajua nikizivaa najisikiaje? Mwili huu siujui. Mapigo yake si yangu. Ukifika muda fulani wa asubuhi nasikia hamu ya embe bichi. Mimi sipendi embe bichi. Aliyekuwa anapenda ni yeye. Daktari wako ana jina la hiyo?"

"Hakunitajia."

"Basi kuna asiyoyajua. Zikitoka kiunoni mwangu, Zamoyoni ndiyo kafa. Sasa hivi bado."

Sijaona alikuwa amejiandaa kwa ukali, kwa kejeli, hata kwa kufukuzwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alikaa akiangalia taya la mtoto likipanda na kushuka. Angeweza kukimbilia Kituoni na kutaja jina, na kabla ya magharibi gari lingekuwa limefika. Kuchukua kisu akakata uzi kusingefaa: uzi ndio uliobeba yote ambayo shanga zimejifunza, ukikatwa ni punje za kioo tu. Fundo lile lilipaswa kufunguliwa, na kwa desturi fundo la shanga za marehemu hulifungua mwenyewe aliyelifunga, naye ni Bibi.

Basi akafanya lililokuwa mikononi mwake. Akapeleka vidole nyuma ya kiuno chake, chini ya kanga, akalitafuta fundo alilofungwa akiwa mwari na ambalo hakuwahi kulifungua. Lilikuwa gumu. Akalivuta kwa kucha mpaka likalegea. Shanga zikamtoka, na mahali zilipokuwa zimekaa miaka yote pakawa na baridi kama mtu amefungua dirisha. Akaziweka juu ya mkeka, mbele ya goti la Bibi Nambunga. Zilikuwa bado na joto lake. Lilianza kupungua palepale.

Bibi akaziona. Mkono wake uliokuwa unampigapiga mtoto mgongoni ukasimama.

"Umefanya nini?"

"Nimevua."

"Zamu yako!"

"Imeshakwenda, Somo. Hata ukinikatalia, imekwenda. Sijaja kukutisha nayo. Nimevua kwanza ili usidhani nitageuka njiani."

"Mumeo anajua?"

"Anajua. Hajakubali."

Sijaona akasogea mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Hakushusha macho, ingawa heshima ilitaka ayashushe.

"Sitamchukua hapa nyumbani kwako. Nitahamia mimi hapa. Nitalala kwenye mkeka huu, utanielekeza namna ya kumshika, na nikikosea utanisema. Nikipata hamu ya embe bichi nitakwambia. Nitakwambia kila asubuhi. Ila nataka uwepo wa kuambiwa. Fungua, Somo. Nipe mimi."

Mtoto aliachia titi, akalalamika kidogo, akatafuta. Bibi Nambunga alimtazama Sijaona kwa muda mrefu. Kisha akainama, akamhamishia mtoto kwenye titi la pili. "Amalizie hili," alisema, na mkono wake mwingine ukaenda nyuma ya kiuno kulitafuta fundo.